Kufufua Gari Kongwe: Maneno ya Gereji na Maneno ya Sheria

Kitenzi *kutengeneza* kina maana mbili ambazo wasemaji wa Kiswahili huishi nazo bila taabu mpaka siku ya kuandikiana mkataba. Maana ya kwanza ni kukifanya kitu kiwepo ilhali hakikuwapo: seremala hutengeneza meza. Ya pili ni kukirudisha katika hali njema kitu kilichoharibika: fundi hutengeneza saa. Katika mazungumzo, muktadha huondoa utata. Lakini chukua hati iliyoandikwa hivi: “Fundi atatengeneza chesisi ya gari.” Je, fundi ataziba matundu yaliyoliwa na kutu, au ataunda chesisi nyingine kwa vyuma vipya? Tofauti ya gharama ni kubwa. Tofauti ya kisheria ni kubwa zaidi, kwa kuwa chesisi ndiyo inayobeba namba ya utambulisho wa gari, na gari lisiloweza kuonyesha namba yake ni chuma tu mbele ya mkaguzi, hata kama linanguruma vizuri.

Makala haya yanachambua maneno yanayotumika pale gari la zamani linapochukuliwa kutoka uani, likatengenezwa au likabadilishwa, kisha likatafutiwa uhalali wa kutembea barabarani. Yameandikwa hasa kwa ajili ya mfasiri na mwalimu, kwa sababu katika eneo hili lugha ya gereji na lugha ya ofisi hukutana kila siku, na mara nyingi hupishana.

Mifano yetu inatoka Arusha, na si kwa bahati. Jiji hilo limekaa chini ya Mlima Meru, katika mwinuko wa mita zipatazo 1,400, na ndilo lango la safari za Serengeti, Ngorongoro, Tarangire na Manyara. Barabara kuu zina lami, lakini anayepanda vijiji vya miteremko ya Meru, au anayeteremka kwenda Longido na Simanjiro, hukutana na vumbi la majivu ya volkano wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa masika. Gari lililojipatia jina katika njia hizo ni Land Rover, lililoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi Aprili 1948, na ambalo umbo lake la asili liliendelea kuundwa Solihull, Uingereza, hadi Januari 2016. Oktoba 2024 Arusha iliandaa Tamasha la Land Rover, na mamia ya magari hayo yakaandamana barabarani kwa nia iliyotangazwa ya kuvunja rekodi ya dunia iliyokuwa imewekwa Ujerumani. Aliyeyatazama yale maandamano aliona kamusi nzima ya ufundi ikipita: magari yaliyorejeshwa kama yalivyotoka kiwandani, yaliyorefushwa, yaliyokatwa paa, yaliyowekewa injini ya kampuni nyingine, na mengine ambayo ni vigumu kusema sehemu ipi ni ya asili.

Kuukuu, chakavu, kongwe, bovu

Tuanze na sifa za gari lenyewe. Wanafunzi wengi huyachukulia maneno haya kuwa visawe. Sivyo.

*Kuukuu* hutaja umri pamoja na matumizi ya muda mrefu. Halina tusi, ingawa halina sifa pia. *Chakavu* huhukumu hali: kitu kimetumika hadi kimeisha nguvu. Ndiyo maana tunasema *chuma chakavu* kwa vyuma vinavyouzwa kwa kilo, na ndiyo maana wahasibu wamelichukua jina *uchakavu* kuelezea kupungua kwa thamani ya mali mwaka hadi mwaka. Mfasiri wa hati za bima akutane nalo kwa tahadhari: “makato ya uchakavu” hayasemi kwamba gari lilikuwa limeharibika, yanasema tu kwamba limepita miaka kadhaa tangu liwe jipya. *Mkweche* ni neno la dhihaka, la gari linalotingishika na kutoa moshi. Halifai katika hati rasmi, ila katika riwaya ni hazina. *Kongwe* huleta umri pamoja na heshima, kama tunavyomwita mwanasiasa mkongwe. Kwa gari la mwaka 1962 ambalo mwenyewe analitunza na kuringa nalo, *gari kongwe* ndilo jina bora, na tunalipendekeza badala ya “gari la kizamani”, ambalo husikika kama lawama.

*Bovu* ni neno la namna nyingine kabisa. Mtaani hutumika kwa chochote kisichofaa. Katika lugha ya Kikosi cha Usalama Barabarani, *ubovu wa gari* ni hali inayolifanya gari lisistahili kuwa barabarani: breki hafifu, tairi zilizokwisha, taa zisizowaka. Gari jipya la mwaka huu linaweza kuwa bovu. Gari kongwe la miaka sitini linaweza lisiwe bovu. Kinyume chake, *-zima*, ni neno zuri ambalo watu hulisahau: “gari zima” ni gari lote na vilevile ni gari lisilo na kasoro. Tatizo lake ni jirani yake wa kitenzi. “Gari limezima” ni habari mbaya, na aghalabu huja katikati ya kilima.

Vitenzi vya kazi

*Kukarabati* kilizoeleka zaidi kwa majengo, barabara na mitambo, kisha kikahamia kwa magari. Nguvu yake ni kwamba hakina maana ya kuunda kitu kipya. Anayeandika “fundi atakarabati chesisi” ameufunga mlango ambao *kutengeneza* huuacha wazi. Kwa hati yoyote ambayo pesa au umiliki hutegemea neno hilo, tumia *kukarabati* kwa kurudisha kilichopo na *kuunda* kwa kutengeneza kipya. *Kuunda* kina historia ndefu pwani, ambako hadi leo waundaji huunda majahazi, na kinalipa gari heshima yake ya kuwa chombo.

*Kurekebisha* ni kuweka sawa kilichokwenda kando bila kubadilisha sehemu: hurekebishwa breki iliyolegea, taa inayomulika juu mno, usukani unaovuta upande. Siku hizi neno hili limeanza kutumika kwa kila mabadiliko, hata ya kukata gari vipande viwili. Tunaona huko ni kulitwisha mzigo usio wake.

*Kurejesha* huhitaji kijalizo: kurejesha katika hali gani? “Kurejesha gari katika hali yake ya awali” ni kazi ya kutafuta rangi, vitasa, vioo na viti vinavyofanana na vya kiwandani. *Kufufua* hakijali uasili. Gari lililokaa miaka kumi juu ya mawe, kuku wakilala chini yake, likiwashwa na likatembea, limefufuliwa, hata kama injini si yake. Kwa hiyo mtu anaweza kufufua gari bila kulirejesha. Mafundi wanaijua tofauti hii. Wafasiri wa matangazo ya biashara hawaizingatii, na mnunuzi hulipia asichokipata.

*Kubadili* na *kubadilisha* vimezua mijadala mirefu, na hatudai kuimaliza. Katika uwanja huu, hata hivyo, kuna mgawanyo wa kazi unaofaa kuuhifadhi: *kubadili* kwa kugeuza sifa ya kitu kinachobaki kilekile (kubadili rangi, kubadili umbo, kubadili matumizi), na *kubadilisha* kwa kuondoa kitu na kuweka kingine mahali pake (kubadilisha injini, kubadilisha tairi). Vijana wa gereji husema *kumodifai*, na kila mtu huwaelewa. Katika maandishi rasmi, *kubadili muundo* hutosha. Mwandishi akitaka kutaja aina ya mabadiliko, lugha inampa vitenzi sahili kuliko anavyodhani: *kurefusha* chesisi ili kuongeza safu ya viti, *kukata* paa ili watalii wasimame na kutazama, *kupandisha* gari ili lisiguse mawe, *kugeuza* gari la mizigo kuwa la abiria.

Halafu kuna *kuunga* na mwanawe *kuungaunga*. Kuunga chesisi ni kazi halali ya fundi: vipande viwili vinaunganishwa viwe kimoja. Kuungaunga ni kurudiarudia tendo bila mpango, hapa waya, pale kamba, pale kipande cha bati. Uradidi umegeuza kazi kuwa lawama. “Gari la kuungaunga” ndilo ambalo mkaguzi hulitambua kabla hata halijasimama.

Mabadiliko ya magari kwa ajili ya wanyama si jambo la jana katika eneo hili. Filamu *Hatari!*, iliyoongozwa na Howard Hawks na kutolewa mwaka 1962, ilipigwa kwa sehemu kubwa Tanganyika, jirani na Arusha na Momella, mashariki ya Mlima Meru. Ndani yake kuna gari lililowekewa kiti cha mkamata wanyama juu ya madigadi ya mbele. Mamilioni ya watazamaji waliojifunza neno moja la Kiswahili kutoka katika jina la filamu hiyo walijifunza lile ambalo mkaguzi wa leo angelitamka kwanza akikiona kiti chenyewe.

*Madigadi* nayo inastahili kutupiwa macho. Neno lilikuja likiwa moja katika Kiingereza, silabi yake ya kwanza ikafanana na kiambishi cha wingi *ma-*, na wasemaji wakalipatia umoja wake: *digadi*. Ni mkondo uleule uliotupa *kipilefti*, mzunguko wa barabarani, ambao wingi wake ni *vipilefti*. Na huko Arusha, *kifodi*, gari dogo la abiria, lilizaliwa na jina la Ford, likavikwa *ki-* ya udogo, na likaendelea kuwabeba watu hata baada ya magari yenyewe kuwa ya Toyota.

Chesisi na namba yake

Land Rover ya zamani imejengwa kwa metali mbili. Chesisi na ukuta unaotenga injini na chumba cha abiria ni vya chuma. Sehemu kubwa ya bodi ni alumini. Chuma hupata kutu. Alumini haipati kutu, ila *huliwa*: inapogusana na chuma pakiwa na unyevu, hugeuka unga mweupe na kutoboka. Kwa hiyo sentensi “bodi ya Land Rover imepata kutu” mara nyingi si sahihi kifundi, na fundi bodi mwenye uzoefu atasema *imeliwa*. Atakayetaka kuhakikisha na achukue sumaku. Isiponasa, ni alumini. Isiponasa mahali panapopaswa kuwa na chuma, hapo pamepigwa *puti*, yaani pamejazwa lahamu laini ya kusawazisha mikunjo, ikapigwa msasa na kufunikwa rangi. *Kupiga puti* si kosa. Kosa ni kuipiga juu ya tundu.

Hapa huingia jozi nyingine inayowachanganya watafsiri: *kulehemu* na *kuchomelea*. Anayelehemu huyeyusha metali laini, kama risasi na bati, na kuitumia kama gundi kati ya vipande ambavyo vyenyewe haviyeyuki. Ndivyo zinavyounganishwa nyaya na ndivyo lilivyozibwa rejeta la shaba. Anayechomelea huyeyusha kingo za vipande vyenyewe viingiane. Chesisi huchomelewa. Hati inayosema chesisi “ililehemiwa” inaeleza, kwa mujibu wa maneno yake, gari ambalo hakuna mtu angethubutu kulipanda.

Namba ya chesisi *hugongwa*, haiandikwi. Katika Land Rover nyingi za zamani imegongwa sehemu ya mbele ya chesisi, karibu na mahali springi inaposhikwa. Nakala yake huwa kwenye kibati kilichopigwa ribiti ndani ya gari. Msomaji ataona tatizo mara moja. Sehemu ya mbele ya chesisi ndiyo inayopigwa na matope na mawe, ndiyo inayowahi kuoza, na ndiyo fundi anayoikata bila kuwaza ili achomelee kipande kipya. Kipande cha zamani kikitupwa kwenye rundo la chuma chakavu, namba imekwenda nacho. Kuigonga upya kwa mikono, hata kwa nia njema, kunafanana machoni pa sheria na kughushi.

Kwa hiyo anayetunga mkataba wa kazi hii aandike wazi: “Fundi hatakata, hatasaga wala hatafunika sehemu yenye namba ya chesisi.” Vitenzi vitatu, kwa kuwa namba hupotea kwa njia tatu. Tahajia ya neno lenyewe haijatulia: utakuta *chesisi*, *chasisi* na hata umbo la Kiingereza katikati ya sentensi ya Kiswahili. Sisi tunatumia *chesisi*, iliyo karibu zaidi na matamshi ya mafundi. Muhimu ni kutumia umbo moja katika hati nzima, na kuinakili namba yenyewe herufi kwa herufi.

Injini: kushusha, kufungua, kubadilisha

*Kushusha injini* ni kuitoa mahali pake. Katika Land Rover injini huvutwa juu kwa mnyororo kabla ya kwenda popote, lakini bado *imeshushwa*, kwa kuwa lugha inaangalia inakoishia. *Kufungua injini* ni kuitenganisha vipande ili kuangalia na kubadilisha kilichochoka. Hatua hizi mbili hazibadilishi utambulisho wa gari. *Kubadilisha injini* hubadilisha.

Hapo ndipo neno moja hugharimu pesa. Kadi ya gari inayotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania huonyesha, pamoja na namba ya chesisi, namba ya injini, ujazo wake, aina ya mafuta, rangi, umbo la gari na matumizi yake. Land Rover iliyosajiliwa na injini ya petroli, ikawekewa injini ya dizeli ya Toyota au Isuzu kwa sababu vipuri vyake hupatikana kila duka, haifanani tena na kadi yake kwa mambo matatu yasiyopungua. Mwenye gari hutakiwa kuomba mabadiliko ya taarifa, gari likakaguliwa, na kumbukumbu zikaandikwa upya. Tuseme sasa fundi ametoa stakabadhi yenye maneno “kutengeneza injini”, ilhali aliweka nyingine. Siku gari likipata ajali, au siku likiuzwa, namba zitakapolinganishwa, stakabadhi iliyopaswa kumtetea mwenye gari itakuwa haisemi lolote kuhusu injini iliyomo. Stakabadhi iliyoandikwa “kubadilisha injini”, ikitaja namba ya iliyotoka na ya iliyoingia, ingemwokoa.

Msamiati wa maradhi ya injini ni tajiri, na sehemu yake imeingia katika maisha ya kawaida. Injini *hunoki* inapogonga kwa ndani na kukaribia kufa. *Huchemsha* maji yanapopita kiwango cha joto. Na kutokana na hilo, mwanafunzi aliyeshindwa mtihani husemwa amechemsha. *Humisi* silinda moja inapokosa kuwaka. *Hula oili* ringi zinapokuwa zimechoka. Silinda iliyochakaa *huchongwa*, ndivyo wasemavyo mafundi, ingawa kitenzi sanifu cha kazi ya mashine inayozungusha chuma kikilikwa na kisu ni *kukereza*, na mashine yenyewe ni *kerezo*. Wachonga vinyago na wachonga silinda wanagawana neno moja bila ugomvi. Mwalimu wa ufundi afundishe *kukereza*, lakini asimsahihishe fundi akiwa kazini.

Usukani, breki, taa

*Usukani* ulikuwa wa baharini kabla ya kuwa wa barabarani: Kiarabu *sukkān* ni kile kibao cha nyuma kinachoongoza chombo. Lugha imelihamisha gari zima katika ukoo wa majahazi, na jina rasmi la jumla ni *chombo cha moto*, wingi *vyombo vya moto*. Jina hili hujumuisha pikipiki na bajaji pamoja na magari. Mfasiri anayeweka “gari” mahali pa “chombo cha moto” katika kifungu cha sheria ameziacha pikipiki zote nje ya sheria hiyo.

Mkaguzi hutafuta mambo ambayo majina yake ni ya kawaida lakini vitenzi vyake vina kanuni. Usukani *hucheza* unapozungushwa kidogo na magurudumu yasiitike. Land Rover za zamani zina tabia hiyo hata zikiwa zima, na swali ni kiasi gani. Breki *hushika* au *hazishiki*. Lakini “breki zimeshika” huweza kumaanisha pia kwamba zimeng'ang'ania na haziachii, kwa hiyo katika taarifa ya ukaguzi andika *zimekwama*. Breki za mafuta zikiingiwa na hewa, fundi *hutoa upepo*. Shokomzoba *huvuja*. Tairi *huisha*, halafu kashata zake hupotea, na hapo hakuna mjadala. Arusha ilikuwa na kiwanda chake cha tairi, General Tyre, na tairi zake zilijulikana Afrika Mashariki yote; neno *tairi* lenyewe bado halijaamua ngeli yake, kwani wapo wasemao *tairi/matairi* na wapo wasemao *tairi* katika umoja na wingi. Kamusi zinavumilia yote mawili. Hati moja isiyavumilie yote mawili.

Zaidi ya hayo kuna taa, indiketa, honi, waipa, vioo, mikanda, pembetatu za kuakisi mwanga na mtungi wa kuzimia moto. Gari lililoundwa kabla mikanda haijawa kawaida litahitaji kuwekewa, na kazi hiyo ni *kufunga mikanda*. Utata ulioje: abiria naye hufunga mkanda. “Gari limefungwa mikanda” ni kazi ya fundi, “abiria amefunga mkanda” ni kazi ya abiria, na kauli ya kutendwa ndiyo inayotenganisha.

Maneno ya ofisini

Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania, Sura ya 168, ilitungwa mwaka 1973 kwa Kiingereza, kama zilivyo nyingi za wakati wake. Mwaka 2021 Bunge lilibadili Sheria ya Tafsiri ya Sheria ili lugha ya sheria iwe Kiswahili. Maneno ambayo kwa miaka hamsini yaliishi kwa maafisa na madereva kwa mdomo tu, sasa yanapaswa kusimama kwenye vifungu. Kazi hiyo haihitaji uzushi wa istilahi, inahitaji kusikiliza.

*Kadi ya gari* ndiyo hati ya usajili. Kenya, kizazi cha wakubwa bado husema *logibuku*. *Kuhamisha umiliki* ni tofauti na *kuuza*: gari laweza kuuzwa leo kwa mkataba wa mkono na likaendelea kuwa, kwa kumbukumbu za serikali, mali ya mtu aliyefariki miaka ishirini iliyopita. Kwa magari makongwe hali hii ni ya kawaida, na ni busara kuishughulikia kabla ya kununua hata kopo moja la rangi. Kadi ikiwa imepotea, huanza *taarifa ya upotevu* kutoka polisi. *Bima ndogo* na *bima kubwa* ni majina ya watu kwa bima ya mtu wa tatu, iliyo lazima, na bima kamili, isiyo lazima. Mfasiri asidhani udogo huo ni wa bei pekee, kwa sababu bima ndogo hailipi hasara ya gari lenyewe. *Stika* ni ile ya Nenda kwa Usalama Barabarani, inayobandikwa kiooni baada ya ukaguzi. Rangi ya kibao cha namba nayo husema: njano kwa gari binafsi, nyeupe kwa gari la biashara, kwa hiyo anayegeuza gari la nyumbani kuwa la watalii *amebadili matumizi*, na kibao hubadilika pamoja naye, mwenye gari la abiria hukutana pia na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019.

Istilahi moja imebaki bila kazi. Ada ya mwaka ya leseni ya gari, ambayo karibu kila mtu aliiita *road laisensi*, ilifutwa katika bajeti ya mwaka 2017/18, na fidia yake ikaingizwa katika ushuru wa mafuta. Neno halikufutwa pamoja na ada: hati za kabla ya hapo zimejaa madai yake, na mtu anayefufua gari lililolala tangu 2010 ataliona jina hilo katika makaratasi. Lifasiriwe kama lilivyokuwa, wala lisigeuzwe kuwa bima au ukaguzi.

Upatanisho

*Gari* ni neno la Kihindi lililoingia ngeli ya *li-/ya-*: gari langu limepona, magari yetu yamepona. Mtaani, Arusha kama Nairobi, utasikia “gari yangu imepona”, na katika mazungumzo ya riwaya ni sahihi kuandika hivyo, kwa sababu ndivyo mtu wa gereji anavyosema. Taarifa ya ukaguzi ishike *li-/ya-*. *Injini*, *breki*, *chesisi* na *bodi* hufuata *i-/zi-*, na hapa kuna tego dogo: katika sentensi “bodi ya gari imepitishwa”, msomaji wa magazeti anaweza kuwaza wajumbe wa bodi waliothibitishwa ofisini. Ongeza neno moja, *bodi la chuma* kama wasemavyo baadhi ya mafundi, au *umbo la gari* kama iandikavyo ofisi.

Majina ya magari hubaki na tahajia yake: Land Rover, Toyota, Isuzu. Isipokuwa pale jina la biashara linapoacha kuwa la biashara. *Difenda* katika Kiswahili cha Tanzania ni gari la polisi la kubebea watuhumiwa, la kampuni yoyote. Aliyepandishwa kwenye difenda huenda alipakiwa katika Toyota Land Cruiser. Neno hilo linaandikwa kwa herufi ndogo, na kaka yake mkubwa ni *karandinga*.